Besi Imevujia Wapi?

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto, kijana aliyesimama mbele yangu alikuwa ameshika bomba kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili amekikandamiza juu ya hedifoni yake ndogo ya kuchomeka sikioni. Gari likiyumba akaachia kidole, uso unamkunjamana. Akikirudisha, kichwa kinaanza tena kwenda na mdundo. Bila kujua, alikuwa anafanya jaribio la fizikia ambalo muuzaji wa amplifaya asingependa lifanyike mbele ya wateja wake.

Ninazozungumzia ni zile amplifaya za mfukoni: kijisanduku chenye betri, upande mmoja unachomeka simu, upande wa pili hedifoni, na nyingine zina swichi ya kuongeza besi. Mafundi wa nyumbani huko ng'ambo wana moja mashuhuri, iitwayo cMoy kwa jina la mbunifu wake, Chu Moy, ambayo huiunda ndani ya kopo la bati la pipi za mnanaa. Kazi nzuri kabisa. Ahadi ni kwamba besi iliyopotea itarudi. Swali linalorukwa ni hili: ilipotelea wapi?

Mara nyingi imevuja tu. Kiwambo cha hedifoni ndogo kinasogea kidogo sana, lakini tundu la sikio likizibwa vizuri, hewa iliyomo ndani ni haba, hivyo hata msogeo huo mdogo unatosha kuibana na kuilegeza. Pakibaki upenyo, mambo yanabadilika. Sauti nyembamba hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na hewa haipati muda wa kutoroka. Besi hutetemeka mara 40 au 60 tu kwa sekunde. Kila inapobanwa, hewa inajitokea taratibu kupitia upenyo, na mgandamizo unakufa kabla haujakifikia kiwambo cha sikio. Kidole cha yule kijana kilikuwa kinaziba pancha.

Sasa amplifaya inafanya nini hapo? Ile ya kawaida, isiyo na swichi, inapandisha sauti zote sawasawa, besi na zisizo besi. Hata hivyo wengi wanaapa kwamba mdundo umeongezeka, na hawasemi uongo. Mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa besi hasa sauti inapokuwa ndogo. Kwa vipimo vya sasa, mlio wa mitetemo 50 kwa sekunde unahitaji takriban desibeli 78 ili usikike sawa na mlio wa mitetemo 1,000 wenye desibeli 40. Pandisha huo wa pili hadi 80, na wa kwanza utatosheka na 102 hivi. Pengo la desibeli 38 limekuwa 22. Kwa hiyo chochote kinachoongeza sauti kinaonekana kimeongeza besi, hata kitufe cha simu ulichokuwa nacho tangu mwanzo.

Swichi ya besi ni jambo jingine. Hiyo kweli inazipandisha sauti nzito peke yake, na ina gharama yake: kila desibeli 10 za ziada zinadai nguvu ya umeme mara 10. Betri inakwisha upesi, na kiwambo cha hedifoni ya bei poa, kikisukumwa kupita kiasi, kinaanza kukwaruza. Programu ya kurekebisha sauti ndani ya simu inafanya kazi ileile bila kukutoa senti.

Wapo wanaoihitaji amplifaya kweli, lakini ni wachache. Hedifoni nyingi za simu zina ukinzani wa ohmu 16 hadi 32, na simu inazimudu bila jasho. Zile za studio, kama Sennheiser HD 600 yenye ohmu 300, zinataka volti zaidi, na huko kijisanduku kinastahili bei yake.

Kuhusu afya, besi inasingiziwa kuliko inavyostahili. Ndani ya koklea, ule mrija uliojiviringa kama konokono, kila sauti ina mahali pake. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi la sauti linavyosafiri humo. Besi hushika nguvu mwisho kabisa, kwenye ncha ya ndani. Madhara ya kelele huanza kuonekana kwingine, kwenye mitetemo 3,000 hadi 6,000, sehemu inayotubebea s, f na sh. Tundu la sikio lenyewe hukuza sauti za karibu na hapo. Ukipandisha kila kitu ili kuufukuzia mdundo, unachoumiza ni sehemu hiyo. Baada ya miaka, mtu anasikia ngoma vizuri lakini "fika" na "shika" zinampa shida. Vinywele vya kusikia ni kama 15,000 tu kwa kila sikio, na kikifa kimoja hakioti kingine.

Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Simu nyingi siku hizi zinakupigia hesabu hiyo na kukuonya, ila zinakadiria kwa kile kinachotoka kwenye simu yenyewe. Amplifaya ikikaa katikati, simu inaendelea kukuhakikishia usalama wakati masikio yanaungua. Hapo ndipo ninapoitilia shaka zaidi kuliko kwenye suala la bei.

Ndani ya daladala, muungurumo wa injini nao ni sauti nzito, unaifunika besi, na abiria anazidi kupandisha. Kuziba sikio vizuri kunatibu yote mawili, uvujaji na muungurumo, ila uzibue ukishashuka. Bodaboda haina subira.

Tiba yenyewe ni vimpira vya kwenye ncha ya hedifoni, vyenye saizi inayoziba sikio lako. Masikio ya mtu mmoja huenda yasilingane, la kulia likataka kikubwa na la kushoto cha kati. Hedifoni nyingi za kuchomeka sikioni huuzwa na saizi tatu ndani ya kipakiti kidogo cha nailoni, ambacho wengi wetu hukitupa pamoja na boksi.