Mbegha, Mkwe wa Kila Mtu

Waanzilishi wa falme husimuliwa wakiingia na jeshi. Mbegha, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi katika milima ya Usambara, aliingia na mbwa wa kuwindia na nyama ya nguruwe.

Masimulizi ya Washambaa yanasema alizaliwa Nguu. Alikuwa kigego: meno ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo. Ndugu zake wakamnyima urithi, akashika njia. Katika milima ya Usambara aliwaua nguruwe pori waliokuwa wakifukua mashamba, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Watu wa Bumbuli wakamwoza binti yao. Alipoitwa Vugha, palipokuja kuwa makao ya mfalme, usiku wa njiani aliua simba. Ndiyo maana mfalme wa Washambaa aliamkiwa "Simba Mwene".

Hadithi hii imo katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewahi kumtumikia mtawala Semboja. Mwanahistoria Steven Feierman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1974, anamweka Mbegha katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Habari za namna hii husomwa kwa tahadhari. Hata Waingereza husimulia kuwa Cerdic, babu wa wafalme wa Wessex, alitua pwani yao mwaka 495, ilhali kumbukumbu zinazosema hivyo zilikusanywa karibu miaka 400 baadaye.

Basi la kuuliza si kama simba aliuawa kweli, bali kwa nini wenyeji walimkubali mgeni. Feierman anaeleza kuwa Wambugu, wafugaji waliohamia milimani, hawakufuata mila za Washambaa, na wazee waliotawala kila mmoja kijijini kwake walishindwa kuwakabili. Kulihitajika mwamuzi wa wote. Mzee wa ukoo mmoja angeshukiwa kupendelea jamaa zake. Mwindaji asiye na ndugu milimani hakuwa na wa kumpendelea.

Upweke huo ulimpa kiti, lakini ndoa ndizo zilizokieneza kiti hicho. Mbegha alioa katika koo za sehemu mbalimbali, na watoto wa kiume wakapelekwa kutawala kwa wajomba zao. Wenyeji wakajiona wanatawaliwa na mpwa wao, si na Mkilindi wa kuja. Buge, mwana wa yule mke wa Bumbuli, ndiye aliyerithi Vugha. Kufikia zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyetembelewa na mmisionari Krapf mwaka 1848, ufalme ulikuwa umeshuka milimani hadi kukaribia pwani.

Utaratibu huohuo ulikuwa na kasoro yake: kila mwana wa mfalme alikuwa na wajomba wa kumpigania. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ugomvi ukazuka. Semboja, mwanawe aliyekaa Mazinde, tambarare kwenye njia ya misafara, alijipatia bunduki kwa biashara, akamfukuza mrithi, Shekulwavu, kutoka Vugha. Wabondei, waliokuwa chini ya ufalme huo, wakaasi, na watu wengi wakauzwa utumwani. Mbegha alitawala kwa kuwategemea wakwe. Mwenye bunduki hakuwa na haja ya mjomba.