Je, Wimbo Usio na Maneno ni Wimbo?

Muhula uliopita, katika somo la lugha ya ushairi, niliwasikilizisha wanafunzi wangu rekodi ya Dhafer Youssef, mwimbaji na mpigaji udi kutoka Tunisia. Sauti ilipokoma, msichana mmoja aliyeketi nyuma aliuliza: "Mwalimu, ametamka neno gani?" Nikamjibu kwamba katika kipande kile hakutamka neno lolote. Darasa likaangua kicheko. Msichana hakutetereka, akauliza tena: "Basi kwa nini tukiite wimbo?" Mara hii hakuna aliyecheka.

Waama, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Vitabu vya fasihi simulizi ambavyo walimu wetu wa shule za upili huvitegemea aghalabu huueleza wimbo kuwa ni utungo wa maneno unaotolewa kwa mahadhi. Yaondoe maneno, na fasili yote inaporomoka. Nasi watu wa isimu tuna hatia kubwa zaidi, kwani tumezoea kuisaka maana katika neno na sentensi, kisha kinachosalia tukakiita sauti tupu.

Youssef alizaliwa mwaka 1967 huko Teboulba, mji wa wavuvi ulioko pwani ya mashariki ya Tunisia, katika ukoo wa waadhini. Adhana si wimbo, na mwadhini atakayesifiwa kwa "kuimba" vizuri ana haki ya kununa. Hata hivyo, ni shule ya pumzi isiyo na mfano. Katika Kiarabu urefu wa irabu hubadilisha maana: kataba ni "aliandika", lakini ukiirefusha irabu ya kwanza unapata "aliandikiana na mtu". Mwadhini huirefusha irabu kupita kiasi kinachohitajiwa na maana hiyo, na mtoto anayemsikiliza kila alfajiri hujifunza kwamba sauti inaweza kuendelea kusema hata neno linapokuwa limekwisha kazi yake.

Mnamo mwaka 1990 hivi kijana huyo alihamia Vienna, mji mkuu wa Austria, na huko akachanganyika na wanamuziki wa jazi na wa Kihindi. Albamu yake ya mwaka 2001 aliiita Electric Sufi, na humo udi umekaa bega kwa bega na gitaa, tarumbeta na besi. Miaka miwili baadaye, katika Digital Prophecy, alishirikiana na wanamuziki wa Norway waliobobea katika ala za umeme. Sauti yake hupanda juu mno, hata msikilizaji akadhani ni tarumbeta inayolia kwa mbali.

Wapo wanaodai kwamba Usufi wa namna hii ni kibandiko cha biashara tu, kilichobuniwa kwa ajili ya kumbi za Ulaya. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa sababu katika mapokeo ya Kisufi neno ndilo bwana. Msikilize Sheikh Yasin al-Tuhami wa Misri. Yeye hughani usiku kucha mashairi ya Ibn al-Farid, aliyefariki mwaka 1235, na huweza kuurudia mshororo mmoja mara nyingi huku waumini wakitikisika kwa dhikri. Ala zipo, lakini zinalitumikia shairi.

Lakini hebu tuitazame hiyo dhikri yenyewe kwa jicho la mwanaisimu. Katika halaka nyingi jina la Mwenyezi Mungu hurudiwarudiwa hadi likafupishwa na kuwa "Hu". Hiki ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu, yaani "Yeye". Kiwakilishi ni neno lisilo na maelezo ndani yake. Kazi yake ni kuelekeza kidole tu. Kisha hata hilo huyeyuka likawa pumzi inayotoka kifuani. Kwa hiyo njia ya kutoka kwenye neno hadi kwenye pumzi haikutengenezwa Vienna. Ilikwisha kukanyagwa zamani na watu wa tarika, na Youssef ameanzia pale wao wanapoishia.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tusijifanye wageni katika jambo hili. Ni watoto wangapi wa madrasa wanaosoma kasida za Kiarabu kwa ufasaha wa kupendeza bila kufahamu maana yake? Kwao maneno yale tayari ni sauti, na bado machozi huwatoka watu wazima wanaowasikiliza. Sayyid Mansab wa Lamu bila shaka aliliona pengo hilo, ndiyo maana akaifasiri Maulidi ya Barzanji kwa mashairi ya Kiswahili. Aliamini kwamba kupenda sauti hakutoshi.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na Youssef. Albamu yake ya mwaka 2010, Abu Nawas Rhapsody, inamhusu Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad ya Bani Abbas. Mvinyo wa Abu Nuwas ni mvinyo wa gilasi. Masufi waliokuja baada yake, akiwemo Ibn al-Farid, waliichukua lugha ya ulevi wakaifanya sitiari ya mapenzi ya Mungu. Youssef analijua hilo, kwani vipande viwili vya albamu hiyo amevipa majina ya Kifaransa, Sacré na Profane, yaani kitakatifu na cha kidunia, naye ameviweka chini ya kichwa kimoja cha mvinyo. Ni mchezo wa kina. Lakini mtu asiyejua Kiarabu aliyeketi ukumbini atavitofautishaje vilevi hivyo viwili? Sauti inaweza kumpandisha jazba. Haiwezi kumwambia amelewa nini. Kazi hiyo ni ya neno.

Niliwaagiza wanafunzi waandike insha juu ya swali la mwenzao. Yule msichana amedai kwamba "Hu" ni neno, hata liwe fupi namna gani, na kwamba pumzi inayolifuata hupata maana kwa sababu waumini wanalikumbuka neno hilo. Basi mfano wangu unamtetea yeye. Nimempa alama za juu. Kukubali sijakubali, na Jumatatu tunaendelea.