Mwiba Uliobaki

Asubuhi hii tumeketi hapa wawili, mume na mke, kwa kuwa Mchungaji wetu alituomba tueleze jambo lililotupata nyumbani. Mmoja wetu, ndiye mke, alipasuliwa tumbo ili apunguze uzito. Mwenziwe ndiye aliyempikia, akamhesabia vidonge, akakesha naye. Kwa hiyo tutasema "sisi", maana ugonjwa huu tumeuishi pamoja.

Somo letu latoka katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 12, aya ya 7 hadi ya 10. Hapo Mtume Paulo aeleza habari za mwiba uliokuwa mwilini mwake. Aliomba mara tatu aondolewe mwiba huo, nao haukuondolewa. Mkipata nafasi leo, lisomeni tena pole pole.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kwa miaka mingi mmoja wetu ameishi na baridi yabisi. Wengi hudhani ugonjwa huu huletwa na umande au kuoga maji baridi. Sivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka ikavishambulia viungo vya mwili wenyewe. Vidole, vifundo vya mikono, magoti na nyayo huvimba na kuwaka moto. Asubuhi vyote huwa vimekakamaa, hata kufunga kifungo cha gauni ni kazi. Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu kabisa. Ziko dawa za kuutuliza usiharibu viungo, nazo hutumiwa kwa miaka.

Maumivu yalituzuia kutembea. Dawa za steroidi, tulizopewa wakati wa shida kuu, ziliongeza njaa. Na tuseme kweli mbele za Mungu: katika usiku ule mrefu chakula kilikuwa ndicho kitulizo chetu. Chai ya maziwa na mandazi saa nane za usiku vilifariji kuliko maneno mengi. Uzito ukafika kilo 128, na magoti yaliyokuwa yakiuma yakabebeshwa mzigo juu ya maumivu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, waliopima mwendo wa wazee wazito wenye magoti yaliyosagika, walionyesha kwamba kila kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Basi hesabuni ninyi wenyewe ni hatua ngapi kutoka jikoni mpaka kisimani.

Tulijaribu mara nyingi kupunguza chakula. Uzito ulishuka, kisha ukarudi. Ndipo daktari akashauri upasuaji. Gharama ilikuwa kubwa, na kanisa letu likafanya harambee. Wazee walitoa, vijana walitoa, na mjane mmoja alileta kuku wawili, wakapigwa mnada. Wema ule hatutausahau. Walakini ndani ya wema ule tulijitegea mtego sisi wenyewe, kama mtakavyosikia.

Upasuaji huu ni nini? Si kukata mafuta, kama wengine wadhanivyo. Njia tuliyofanyiwa sisi ilianza katika miaka ya 1960, kwa kazi ya daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Imeboreshwa sana tangu hapo, na siku hizi hufanywa mara nyingi kwa matundu madogo na kamera. Daktari hutenga sehemu ya juu ya tumbo la chakula iwe kifuko kidogo, kinachojaa kwa vijiko viwili hivi vya mezani. Kisha huuleta utumbo mwembamba na kuushona kwenye kifuko hicho, hata chakula kikapita kando ya tumbo kubwa. Iko njia nyingine ambayo karibu asilimia 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa, likabaki kama ndizi nyembamba. Kwa njia zote mbili mtu hushiba upesi, na hata vichocheo vya mwili viletavyo njaa hubadilika.

Tulipasuliwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja tulikuwa na kilo 89. Tulipanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Watu waliimba na kushukuru, na mzee mmoja akasimama akatangaza kwamba dada yetu amepona.

Amepona! Neno hilo lilitufunga mdomo. Maana magoti yalikuwa yamepata nafuu kweli, lakini baridi yabisi haikuondoka. Vidole havibebi uzito wa mwili, wala kupungua kwa kilo hakukuvinyoosha. Tungewezaje kuwaambia watu waliochanga fedha zao kwamba usiku bado tunalia? Tukanyamaza. Jumapili tulitabasamu, na Jumatatu hatukuweza kukamua kitambaa cha kudekia.

Basi ikaja Julai ya mwaka 2022, mwezi wa baridi kwetu nyanda za juu. Vifundo vya mikono vikavimba. Tuliona aibu kurudi kwa daktari, na aibu kuomba msaada. Mume akaenda duka la dawa sokoni, akanunua vidonge vya diklofenaki, vile tulivyovitumia zamani. Vilituliza. Tukaendelea navyo siku tisa. Siku ya kumi choo kikawa cheusi kama lami, na katikati ya ibada mke akaanguka. Hospitalini walipitisha kamera kooni, wakaona kidonda kinachovuja damu pale pale utumbo uliposhonwa. Aliongezwa painti mbili za damu. Karatasi tuliyopewa siku ya kutoka hospitali, iliyotuonya juu ya vidonge hivyo, ilikuwa imekunjwa ndani ya jalada la Biblia yetu. Kosa lilikuwa letu.

Kwa sababu hiyo twapenda mjue mambo manne.

La kwanza ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na jamaa zao hupunguza ulinzi wa ngozi ya ndani ya tumbo dhidi ya asidi. Kwa mtu aliyeshonewa utumbo, mahali pa mshono huweza kupata kidonda, na kidonda kikavuja au kutoboka. Wala msifikiri kwamba sindano ni salama kwa kuwa haipiti mdomoni. Dawa huzunguka katika damu na kufika huko huko. Tumbaku nayo huongeza hatari hiyo. Sisi sasa hutumia parasetamoli kwa kipimo cha daktari, vitambaa vya moto, na zaidi ya yote zile dawa za kutuliza baridi yabisi yenyewe, ambazo hatuziachi bila idhini. Vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka pole pole kutwa nzima huenda visifanye kazi kama zamani, nalo ni kosa la hatari kuvisaga. Kila tuingiapo duka la dawa, neno la kwanza ni hili: "Nimepasuliwa tumbo." Aliye na aspirini ya moyo asiiache mwenyewe, bali amwulize daktari wake.

La pili ni chakula. Twala kidogo, mara nyingi, tukitafuna mpaka kilainike. Twaanza na yai, samaki, maharagwe au ndengu, ndipo mboga, na ugali mwisho, kama nafasi ipo. Hatunywi maji pamoja na chakula, bali twangoja nusu saa. Soda au chai yenye sukari nyingi hushuka mbio utumboni, na mtu hutoka jasho, moyo humwenda mbio, akataka kuanguka. Hayo si mapepo, wapendwa. Ni sukari.

La tatu ni maumivu mapya. Aliyezoea kuumwa hudhani kila maumivu ni yale yale ya zamani. Lakini baada ya upasuaji huu mwili haupokei vizuri vitamini na madini. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi na kuchomachoma miguuni. Upungufu wa vitamini D na kalsiamu hudhoofisha mifupa na kuifanya iume. Upungufu wa chuma huleta uchovu. Kwa hiyo vidonge vya vitamini ni vya maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Anayetapika siku kadhaa mfululizo asingoje, maana akikosa vitamini B1 mishipa ya fahamu na ubongo huweza kudhurika upesi. Na maumivu makali ya tumbo ni safari ya hospitali usiku ule ule.

La nne ni kupima nguvu. Zamani, siku njema ikija, tulifua, tukalima na kutembelea jamaa siku moja, kisha tukalala kitandani siku tatu. Sasa siku njema twafanya nusu, na siku mbaya twafanya kidogo, walau kutembea mpaka langoni na kurudi. Na kwa kuwa chakula si kitulizo tena, ilitubidi kutafuta kingine. Wengine waliopasuliwa wameangukia pombe, ambayo kwao huingia damuni upesi kuliko kwanza. Wengine wametekwa na vidonge vikali vya maumivu. Sisi tulijifunza kuamshana. Mwenye maumivu humwamsha mwenziwe, tukaomba, hata kama ni dakika tano.

Wako walioshangaa kwa nini hatukufunga na kuomba badala ya kwenda kwa kisu. Tulifunga, na tuliomba. Lakini Luka, mwenzi wa Paulo, alikuwa tabibu, na Paulo huyo huyo alimpa Timotheo shauri la kinywaji kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hatukuona kwamba kumwendea daktari ni kumwacha Mungu.

Sasa twasema nanyi, kanisa. Mkituandalia chakula, tupeni sahani ndogo, wala msihesabu kwamba tumeidharau nyumba yenu tusipoimaliza. Mkumbukeni Eliya chini ya mti wake, katika Wafalme wa Kwanza mlango wa 19. Alikuwa amechoka hata akataka kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Chakula kidogo, usingizi, chakula tena! Hivyo ndivyo mgonjwa atunzwavyo.

Tena msiharakishe kutangaza kwamba mtu amepona. Ulizeni kwanza: "Leo hali ikoje?" Kisha mngoje jibu la kweli. Tulipotoka hospitalini safari ya pili, tulikwenda kwa yule mjane wa kuku wawili, tukamwambia yote, tukidhani atahuzunika kwa mali yake. Akatutazama, akasema, "Wanangu, mimi nilitoa ili mpate kutembea. Nani aliwaambia nilinunua tabasamu?" Tangu siku ile tumesema kweli, na kila Jumamosi binti wawili wa kanisa huja kutufulia.

Paulo hakuuficha mwiba wake. Aliwaandikia watu wa kanisa habari zake, na habari za jibu alilopewa: si kuondolewa mwiba, bali neema ya kumtosha pamoja nao. Upasuaji ulitupa miguu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mwiba ulibaki. Ila kuuficha ndiko kulikotaka kutuua.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wote walioamka leo na maumivu. Uwape matabibu hekima. Uwape waliopona nusu ujasiri wa kusema kwamba ni nusu, na sisi wengine utupe masikio ya kusikia. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.