Pesa za Misaada ya Ukame Kutoka Ulaya Hupitia Wapi Kabla ya Kufika Kijijini?

Kila ukame unapozidi, swali moja huzuka katika mabaraza ya machifu: redioni wametangaza mamilioni ya yuro kwa Kenya, mbona hatujaziona? Kaunti imezipeleka wapi?

Jibu ni kwamba pesa hizo hazikupitia kaunti, wala hazikupangwa kupitia hapa. Hata hivyo, njia zinazopitia inafaa ijulikane, kwa sababu kuna mahali katika njia hiyo ambapo neno la mkazi wa kijijini lina uzito. Mahali hapo ni mapema sana kuliko siku ya kugawa chakula.

Tuchukue mfano wa ECHO, idara ya Tume ya Ulaya inayosimamia misaada ya kibinadamu. Iliundwa mwaka wa 1992, huongozwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 1996, na ina ofisi ya ukanda wetu jijini Nairobi. Idara hii haina malori wala maghala ya unga huku mashinani. Kazi yake ni kulipa wengine wafanye: mashirika ya Umoja wa Mataifa kama vile Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), Msalaba Mwekundu, na mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyoidhinishwa. Haipitishi misaada hiyo katika akaunti za serikali, iwe ya kitaifa au ya kaunti. Kanuni yake ni kwamba msaada ufuate mahitaji, si kura, si kabila, wala upande katika vita. Kanuni hiyo ina maana yake, hasa katika nchi zenye mapigano. Lakini ina gharama pia: mara nyingine kaunti hupata habari za mradi wakati tayari umeanza, huku bajeti yetu ikiwa imetenga pesa kwa wadi ile ile.

Mwaka wa fedha wa Ulaya huanza Januari na kuisha Desemba. Kwa mwaka wa 2025, bajeti ya kuanzia ya misaada ya kibinadamu ilikuwa yuro bilioni 1.9, na hizo ni za dunia nzima. Kuzigawa, idara huanza na takwimu za kila nchi: hatari ya majanga, udhaifu wa wananchi, na uwezo wa serikali kujimudu. Juu ya hayo huongezwa maoni ya wataalamu wake walio nyanjani. Majanga yaliyosahaulika na vyombo vya habari nayo hutazamwa kivyake. Mwaka unapokaribia kuisha, mpango wa mwaka unaofuata hutolewa kwa kila ukanda. Kenya huwekwa katika mpango wa Pembe ya Afrika pamoja na Somalia na Ethiopia. Ukikaa meza moja na majirani walio vitani, fungu lako haliwezi kuwa kubwa, na sehemu nzuri ya fungu hilo huenda kwa wakimbizi wa Dadaab na Kakuma.

Mpango ukishatoka, mashirika huandika maombi. Ni lazima yaeleze ni kaya ngapi zitasaidiwa, wapi, kwa nini hizo na si nyingine, na vipi hawatarudia kazi ya shirika jingine. Mtaalamu wa nyanjani huyapitia, huuliza maswali, na mengine huyakataa. Anayekubaliwa hutia saini mkataba, hupewa sehemu ya pesa mwanzoni, na salio hulipwa baada ya ripoti ya mwisho kukaguliwa. Ndiyo maana mtu wa mradi hukuomba saini au alama ya kidole hata kwa mtungi mmoja wa maji.

Sasa tuje kwenye neno la mkazi. Hesabu zinazojaza maombi hayo hutoka huku kwetu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hufuatilia kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame na kutoa taarifa kila mwezi: mvua imenyesha kiasi gani, malisho yakoje, mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi, kisima kiko mbali kiasi gani, na mkono wa mtoto una mzingo gani. Mara mbili kwa mwaka, baada ya misimu ya mvua, hufanyika tathmini ya pamoja. Matokeo yake hupangwa katika viwango vitano vya uhaba wa chakula, na kuanzia kiwango cha tatu huhesabiwa kuwa janga. Tathmini ya mvua za masika hukamilika miezi michache tu kabla ya mpango wa Ulaya wa mwaka unaofuata kutolewa.

Kwa hiyo yule kijana mwenye simu anayekuja kuuliza mlikula mara ngapi jana, hapotezi wakati wako. Kijiji kisichofikiwa hakihesabiwi. Na kijiji kinachotia chumvi nacho hujiumiza, kwani majibu hulinganishwa na bei za sokoni na vipimo vya watoto. Yakipingana, takwimu za eneo zima hutiliwa shaka.

Janga likizidi katikati ya mwaka, mpango huweza kurekebishwa na pesa kuongezwa. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na Septemba 2021 serikali ya kitaifa ikatangaza kuwa ni janga la kitaifa. ECHO iligharamia pesa taslimu kwa kaya kupitia muungano wa mashirika ya kimataifa yaliyoshirikiana na mashirika ya wenyeji kutoka kaunti kame. Wenyeji waliingia kupitia mlango wa wengine, maana sheria ile ya 1996 hutaka shirika lisilo la kiserikali liwe limeundwa chini ya sheria za nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mwaka wa 2016 wafadhili waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya misaada ingefika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia ya karibu zaidi. Ahadi hiyo haikutimizwa.

Mambo yamekuwa magumu zaidi tangu Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo lilikoma kazi tarehe 1 Julai 2025. Ulaya haijaziba pengo hilo. Kule Kakuma, wakimbizi wamegawanywa kwa makundi ya uhitaji, na walio katika kundi la mwisho hawapati chakula cha msaada. Pesa zikipungua hivyo, wanaobaki kwenye orodha ni wale ambao mahitaji yao yana ushahidi.

Mradi wenye bendera ya Umoja wa Ulaya ukija kwenu, uliza ni shirika gani lenye mkataba, kaya zilichaguliwa kwa vigezo gani, na nambari ya malalamiko ni ipi. Kuandikishwa ni bure. Anayekudai chochote, awe mzee wa kijiji au mfanyakazi wa mradi, ripoti kwa nambari hiyo au kwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Taarifa za ukame za kila mwezi ziko wazi kwa umma, na zinapatikana katika ofisi ya NDMA ya kaunti.