Shitsuke na Mche wa Mpunga: Maneno ya Kijapani Yageuzwapo Nasaha za Maisha

Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero ana maneno mengi ya kazi yake. Mvua zikisha kuanza humwaga mbegu shambani, au huzisia kitaluni na baadaye kupandikiza miche katika majaruba. Hupalilia. Mpunga utoapo masuke huhamia shambani pamoja na jamaa zake, wakakaa katika dungu na kuamia ndege mchana kutwa. Kisha huvuna, hupura, hupepeta. Na mpunga ukisha kukobolewa hutenga mchele, chenga na pumba. Kwa watu wa Ifakara, wawe Wandamba, Wambunga, Wapogoro au wageni waliohamia kutoka mikoa mingine, maneno hayo ni vyombo vya kazi kama jembe na mundu. Mtoto akiulizwa mama yake yuko wapi, akajibu, "Yuko shamba, anaamia," hakusudii kutoa hekima ya wahenga. Ajulisha tu mahali alipo mama.

Yafaa kuanza na jambo hili dogo ili kulielewa jambo kubwa zaidi. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, huko Ulaya na Marekani, maneno ya Kijapani ambayo kwao hutumika kwa namna hiyo hiyo ya kawaida yamechukuliwa na kufanywa nasaha za kuongoza maisha. Mwaka 1986 Masaaki Imai alitoa kwa Kiingereza kitabu chake juu ya kaizen katika uendeshaji wa viwanda, na tangu hapo neno hilo limetoka kiwandani likaingia katika vitabu vya kumfundisha mtu kujirekebisha nafsi. Mwaka 1994 Mmarekani Leonard Koren aliandika juu ya wabi-sabi. Mwaka 2016 Wahispania wawili, Héctor García na Francesc Miralles, walitoa kitabu juu ya ikigai ambacho kilifasiriwa upesi katika lugha nyingi. Msomaji wa vitabu vya namna hii huahidiwa kwamba Wajapani wanayo siri, na kwamba siri hiyo imefungwa ndani ya neno moja lisilofasirika.

Makala haya hayakusudii kupima kama nasaha hizo zafaa au hazifai. Swali lake ni la lugha: maana ya neno hupatwa na nini neno linapong'olewa katika sentensi zake? Swali hilo si la mbali na Kilombero, kwa kuwa baadhi ya maneno hayo yamekwisha kuingia katika Kiswahili cha kazini, na mojawapo, kwao Japani, ni neno la mpunga pia.

Neno ikigai na ukoo wake

Neno ikigai limeundwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza, iki, yatokana na kitendo ikiru, yaani kuishi. Ya pili, gai, ni neno kai ambalo sauti yake ya mwanzo imebadilika kwa kuungana na neno jingine, kama ilivyo desturi ya Kijapani. Maana yake ni faida au tija, kule jambo kustahili taabu yake. Sehemu hii ya pili huungwa na vitendo vingi. Yarigai ni kule jambo kustahili kutendwa; hatarakigai ni kule kazi kustahili kufanywa; oshiegai ni ile ridhaa aipatayo mwalimu ambaye mwanafunzi wake hufundishika. Kwa hiyo ikigai si neno la pekee, bali ni mwana mmoja katika ukoo mkubwa. Mzee wa Kijapani aweza kusema, bila ya kishindo chochote, kwamba wajukuu wake ndio ikigai yake, kama vile mzee wa Ifakara angeweza kusema, "Nipo kwa ajili ya wajukuu hawa."

Hata hivyo neno hilo limepata kuchunguzwa kwa undani na Wajapani wenyewe. Mieko Kamiya, mganga wa maradhi ya akili, alitoa mwaka 1966 kitabu kiitwacho Ikigai ni tsuite, yaani Kuhusu Ikigai. Alikuwa amefanya kazi miongoni mwa wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Nagashima, watu waliotengwa na jamaa zao kwa nguvu ya sheria. Na sheria hiyo ya kuwatenga haikufutwa mpaka mwaka 1996. Swali la Kamiya lilikuwa zito: mtu aliyenyang'anywa nyumba, kazi na jina lake huishi kwa ajili ya nini, na kwa nini wengine huona maana ya maisha hali wengine hawaioni? Msomaji wa Ifakara, mji ambao misheni yake nayo ilipata kuwatunza wagonjwa wa ukoma, hana haja ya kufafanuliwa uzito wa swali hilo.

Sasa yalinganishwe hayo na picha ambayo imeenea sana katika nchi za Magharibi, picha ya duara nne zinazopandana: ukipendacho, ukiwezacho, kinachohitajiwa na ulimwengu, na kile uwezacho kulipwa kwacho, na mahali zinapokutana zote nne pameandikwa ikigai. Picha hiyo haikutoka Japani. Duara hizo zilichorwa na Mhispania Andrés Zuzunaga, na katikati yake aliandika neno la kwao lenye maana ya kusudi. Mwaka 2014 mwandishi mmoja Mwingereza aliliondoa neno hilo akaweka ikigai mahali pake. Mgonjwa wa Nagashima, ambaye hakuwa na mtu wa kumlipa, asingeona nafasi yake katika duara hizo. Katika kitabu cha Kamiya neno lilitumika kuuliza jamii ilikuwa imemwondolea mtu nini. Katika picha latumika kumwuliza mtu mmoja mmoja kama amejipanga vizuri.

Nia na ujima

Haifai kuwalaumu watu wa Magharibi kana kwamba jambo hili ni lao peke yao, wala kana kwamba kila neno lisafirilo huharibika. Kiswahili chenyewe kimepata kusafirishwa hivyo. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa ajili ya Wamarekani weusi, akaijengea juu ya Nguzo Saba zenye majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Mtu wa pwani ashikapo neno nia hukumbuka kwanza ile nia atiayo Mwislamu kabla ya sala au saumu, na katika mazungumzo ya kila siku husema tu, "Nia yangu kesho ni kwenda Mahenge." Katika Nguzo Saba, nia ni kusudi la watu wote la kujenga upya utukufu wao. Ujima nao una maisha matatu. Kijijini ni kule watu kukusanyika leo katika shamba la huyu na kesho katika shamba la yule. Katika masomo ya historia ya shule za Tanzania ni jina la hatua ya kwanza ya maendeleo ya jamii, kabla ya kuwako matabaka. Katika Kwanzaa ni wajibu wa kushirikiana na kubebeana mizigo.

Lakini wale waliolipokea neno huko Marekani, wazao wa watu waliopokonywa lugha zao kwa utumwa, walilitia katika sikukuu yenye siku zake, mishumaa yake na mafundisho yake kwa watoto. Kwa njia hiyo neno lilipata sentensi mpya na watu wa kulisema. Tofauti na picha ya duara nne ndiyo hiyo. Safari pekee hailiharibu neno. Laharibika lifikapo mahali pasipo na sentensi za kulipokea, likatundikwa ukutani peke yake.

S tano katika hospitali za Tanzania

Nchini Tanzania neno kaizen halikuingia kwa njia ya vitabu vya nasaha bali kwa njia ya kazi. Kwa Kijapani kaizen ni neno la kawaida lenye asili ya Kichina: kai ni kubadili, na zen ni wema. Hutumika kwa barabara, kwa mishahara, kwa afya, kwa lolote linaloweza kuwa bora zaidi kuliko lilivyo. Utaratibu wa viwandani uliopewa jina hilo nao haukutoka katika siri ya kale. Ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili, na baadhi ya mbegu zake zilikuwa mafunzo ya kazi yaliyoletwa na Wamarekani na mihadhara ya W. Edwards Deming ya mwaka 1950.

Kutoka kiwandani utaratibu huo ulifika hospitalini. Hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ilipata sifa kwa kuutumia, na kwa msaada wa Japani mfano wake ukaletwa Tanzania, ambako Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, na nyingine zikafuata. Msingi wake ni maneno matano ya Kijapani yaanzayo kwa sauti ya s: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Kwa Kiswahili yamekuwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Wafasiri waliofanya kazi hiyo wastahili sifa, kwa kuwa wameihifadhi s ya mwanzo mara tano, jambo lisilo rahisi, na tena kwa vitendo vya kuamrisha ambavyo hukaa vizuri ukutani. Lakini mtu aliyezoea kuchunguza maneno huona mara moja kwamba tafsiri haikutoka Japani moja kwa moja. Neno seti lafichua njia: ni neno la Kiingereza, set, lililovikwa irabu ya Kiswahili. Kadhalika seiketsu kwa Kijapani ni usafi, hali ya kuwa safi na kutakata. Sanifisha imefuata neno la Kiingereza lenye maana ya kuweka kipimo kimoja kwa wote. Ni kweli kwamba Wajapani wenyewe, wakieleza utaratibu huu kazini, husema kuwa seiketsu ni kuzidumisha zile S tatu za kwanza, hata Waingereza wakawa na sababu ya kuchagua kama walivyochagua. Walakini neno limepita katika mkono wa tatu, na kila mkono umeacha alama yake.

Shitsuke

Alama iliyo kubwa kuliko zote imo katika neno la tano. Shikilia imefuata neno la Kiingereza lenye maana ya kudumisha. Kwa Kijapani shitsuke ni malezi: kule kumfundisha mtoto adabu mpaka adabu iwe tabia yake. Huandikwa kwa herufi iliyobuniwa Japani kwenyewe, yenye alama ya mwili kando ya alama ya uzuri. Neno hilo hilo, likiandikwa kwa herufi nyingine, lina maana mbili za kazi za mikono. Kwa mshonaji ni kile Waswahili wakiitacho kupiga bandi, yaani kushika nguo kwa uzi wa muda ili mshono wa kudumu upite mahali pake. Kwa mkulima ni kupanda mazao, hasa kupandikiza miche ya mpunga.

Mwenyeji wa Kilombero akielezwa maana hizo tatu pamoja hatazishangaa. Yeye mwenyewe hulea mtoto na hulea miche. Ajua kwamba mche hutolewa kitaluni ungali mchanga, na kwamba ukichelewa hauchipui vizuri. Na Kiswahili kimekwisha kusema, samaki mkunje angali mbichi. Katika maana zote tatu yuko mtendaji aliye mkubwa na kitu kilicho kichanga: mzazi na mtoto, fundi na nguo, mkulima na mche. Mtoto akikosa adabu, watu huuliza ni nani aliyemlea. Mche ukilala, hakuna aulaumuye mche.

Shikilia yaligeuza jambo hilo. Amri hiyo huelekezwa kwa mhudumu wa wodini: ashike alichofundishwa, asilegee. Utaratibu ukilegea, mwenye hatia ni yeye aliyeshindwa kushikilia. Katika kazi za Wajapani pia shitsuke huelezwa mara nyingi kuwa ni nidhamu ya mfanya kazi mwenyewe, wala haifai kutia chumvi tofauti hii. Lakini neno lao bado labeba kumbukumbu ya mlezi, na neno la Kiswahili halina. Wajibu umehama kwa mlezi ukaenda kwa mlelewa, na hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Yalitokea kwa sababu ya kutafuta s. Jambo lililotokea kwa shitsuke ni lile lile lililotokea kwa ikigai. Katika maneno yote mawili, lililokuwa baina ya mtu na watu wake limekuwa deni la mtu peke yake.

Kazi ya wenye kamusi

Si lazima S ya tano ibadilishwe; maneno yaliyokwisha kuzoewa hayabanduliwi kwa makala. Lililo lazima ni kwamba maneno ya namna hii yaingiapo katika kamusi za Kiswahili yapewe maana zake za nyumbani, pamoja na mfano wa sentensi, na njia yaliyopitia ionyeshwe. Kaizen isielezwe kuwa falsafa ya Kijapani, bali uboreshaji wa hatua kwa hatua, hasa wa kazi. Na palipo na neno la Kiswahili lililo karibu, kama malezi yalivyo karibu na shitsuke, lisemwe.

Mfano mwema wa kupokea neno geni upo Ifakara kwenyewe, mji wenye kituo cha utafiti wa mpunga kilichojulikana kwa jina la KATRIN na sasa huitwa TARI Ifakara. Wakulima wa Tanzania hupanda mbegu iitwayo SARO 5, jina lililokatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kunukia kiasi. Mkulima hana haja ya kujua asili hiyo. Neno lilimfikia pamoja na mbegu yenyewe, akaitia katika jaruba lake, akaona yazaa magunia mangapi na wali wake wanukia namna gani. Na sasa husema "saro" katika sentensi zake mwenyewe, akiisifu au akiilaumu kama atakavyo.