Springi Haipunguzi Mzigo

Mgeni anayefika mjini Kisii kwa mara ya kwanza aghalabu hustaajabia wingi wa magari madogo aina ya Toyota Probox, na jinsi yalivyoinuka upande wa nyuma mithili ya panzi aliye tayari kuruka. Umbo hilo halikutoka kiwandani. Ni kazi ya mafundi wetu wa jua kali, ambao wamebadilisha springi na magurudumu hata gari lililoundwa kubeba bidhaa za dukani katika miji ya Japani likageuka kuwa basi la kijiji.

Kwingineko duniani, vijana wenye magari ya kasi hubadilisha springi ili gari lishuke, likaribiane na lami na kutulia kwenye kona. Huku kwetu, kuanzia Suneka hadi Ikonge, springi hubadilishwa ili gari liinuke. Wale hutafuta mwendo, sisi twatafuta nafasi. Swali langu leo ni hili: nafasi hiyo tunaipata kwa gharama gani?

Sina nia ya kuwabeza mafundi wala madereva. Vilima vyetu ni vikali, mvua ni nyingi, na barabara nyingi zinazoingia vijijini ni za udongo unaoteleza. Matatu kubwa hazipendi kuzifuata. Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitalini, mkulima sokoni Keroka na mwalimu shuleni kabla ya kengele. Bila magari haya, sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira ingetembea kwa miguu.

Hata hivyo, yatupasa kuelewa kinachofanyika gerejini. Fundi mmoja huondoa springi za asili na kutia nzito zaidi. Mwingine husukumiza vipande vya mpira baina ya mizunguko ya springi ili isibonyee. Wengine huongeza magurudumu makubwa ili tumbo la gari lisigonge mawe. Gari likishapakiwa watu na mizigo, halilali tena nyuma. Abiria huliona limesimama sawa, naye huamini kwamba limepata nguvu mpya.

Hapa ndipo somo la fizikia linapotufaa. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka wa 1678 kwamba springi hubonyea kwa kiasi kinacholingana na uzito unaoikandamiza. Springi mbili zinazofanana zikibeba mzigo mmoja bega kwa bega, kila moja hubonyea nusu tu. Lakini mzigo ni ule ule! Ekseli yaubeba wote, tairi zaubeba wote, na breki ni zile zile zilizotoka na gari kiwandani. Kulala kwa gari nyuma kulikuwa kama homa mwilini, ishara ya kutuonya. Fundi ameondoa ishara, maradhi yamebaki.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aiweza. Probox ya mizigo ilikusudiwa kubeba watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Tukikadiria kila mtu kuwa na kilo 60, watu watano na shehena yao hufikia kilo 550. Watu kumi peke yao ni kilo 600, kabla hatujahesabu mikungu ya ndizi. Tena wanaobanwa katika buti huketi nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwa kanuni ya wenzo huipunguzia sehemu ya mbele uzito wake. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari, ndiyo yanayofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha, na katika Probox nyingi ndiyo yanayolivuta. Tukiyapunguzia uzito kwenye mteremko wenye matope, tumemnyang'anya dereva usukani akiwa ameushika.

Magurudumu nayo yana hila yake. Kipenyo cha gurudumu kikizidi cha asili kwa asilimia 5, dereva anayesoma kilomita 80 kwa saa, kiwango cha juu kwa magari ya abiria, huwa anakwenda 84. Springi ngumu nazo, gari linaporudi tupu, hulifanya lirukeruke, na tairi iliyo hewani haishiki barabara.

Kuna watakaonijibu kwamba magari ya Safari Rally pia huinuliwa na kutiwa springi nzito. Ni kweli, na Kenya imeyajua mashindano hayo tangu 1953. Lakini gari la rali hubeba watu wawili tu, waliofungwa mikanda, waliovaa kofia ngumu, ndani ya fremu ya vyuma. Aliyeliinua alibadilisha pia breki na shokapu zake. Mwanafunzi aliyekunjwa katika buti pamoja na sanduku lake siku ya kufunga shule hana hata kimoja cha hivyo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, enzi za waziri marehemu John Michuki, zilidai kila abiria awe na kiti na mkanda. Buti haina kiti wala mkanda.

Nimewaona walimu wakipakiwa wanne katika kiti cha watatu, na dereva akigawana kiti chake na abiria. Hakuna aliyelalama, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haraka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo huu ni wetu sote.

Nawasihi walimu wa fizikia walitoe somo la springi katika vitabu na kulipeleka kituoni. Mfundisheni mwanafunzi kusoma ubavu wa tairi: nambari 82 humaanisha tairi moja haipaswi kubeba zaidi ya kilo 475, na tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwandani huonyesha wiki na mwaka ilipoundwa. Wakuu wa shule nao, siku ya kufunga, wapange magari mapema na kuhesabu vichwa langoni kabla gari halijaondoka. Serikali za kaunti zitengeneze barabara za vijijini, ili matatu zenye viti halali zipate kupita.

Fundi ataendelea kuinua magari maadamu sisi twaendelea kuyajaza. Siku tutakapokataa kuingia kama wa sita, hatakuwa na sababu ya kuongeza springi.