Ua la porini lisilodai maji ya kiangazi

Ikifika Agosti, bustani nyingi za Bariadi, mkoani Simiyu, zinakuwa zimekata tamaa. Maua yaliyonunuliwa kwa wauza miche hunyweshwa asubuhi na jioni, mpaka mwenye nyumba anapoona kwamba maji ya dumu yana kazi muhimu zaidi. Kwenye vichaka nje ya mji, lakini, kuna ua ambalo hakuna aliyelimwagia hata kikombe na bado lipo hai. Kiazi chake kimetulia ardhini kikingoja mvua.

Wataalamu wa mimea huliita Gloriosa superba. Asili yake ni Afrika na Asia ya kusini. Zimbabwe imelifanya ua la taifa, na jimbo la Tamil Nadu nchini India limelichagua kuwa ua lake. Kwetu huota lenyewe vichakani na pembezoni mwa mashamba, na mkulima wa pamba hulikata kwa jembe kama gugu lingine lolote. Naona linastahili nafasi katika ua wa nyumba, mradi mwenye nyumba ajue mambo mawili: udongo linaoutaka na sumu iliyomo ndani yake.

Tuanze na kiazi. Ni chembamba, cha rangi ya kahawia, na mara nyingi kina mikono miwili iliyoungana kwa umbo la herufi V. Chipukizi hutokea kwenye ncha ya mkono tu. Ncha ikivunjika, mkono huo hauoti tena, hata kama sehemu iliyobaki ni nzima kabisa. Kila msimu kiazi cha zamani husinyaa baada ya kulisha shina, na kipya hujengeka mahali pake. Ndiyo maana mmea hudumu miaka mingi ingawa majani yake hukauka kila kiangazi.

Udongo ndio unaowashinda wengi. Katika nchi ya Wasukuma udongo hubadilika kadiri unavyoteremka: juu kwenye miinuko kuna luseni, wenye mchanga, chini yake itogolo, mgumu usiopitisha maji, na bondeni ni mbuga, ule mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, na jina hilo sasa linatumika duniani kote. Mkulima wa Bariadi alikuwa akiujua zamani kwa jembe lake. Gloriosa hupenda luseni. Kwenye mbuga kiazi huoza maji yakituama, kwa hiyo mwenye kiwanja cha bondeni atengeneze tuta la kufika magotini, achanganye mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri, kisha apande juu yake.

Panda mvua za kwanza zinapokolea, kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Laza kiazi ubavu, kifukie kina cha vidole vinne hivi, na acha nafasi ya sentimita 30 kati ya kimoja na kingine. Simika nguzo au panda kando ya uzio wa miti, kwa sababu shina lake haliwezi kujibeba. Hupanda kwa kutumia majani: ncha ya jani hurefuka, hujiviringa kwenye kijiti na kushika. Linaweza kufika mita 2. Ukame mfupi wa Januari au Februari ukiingia, mwagilia mara moja au mbili kwa wiki. Majani yakianza kuwa ya njano baada ya masika, acha kabisa kumwagilia. Usifukue kuangalia kama kimekufa; weka alama mahali pake na ungoje.

Ua lenyewe huanza na rangi ya kijani, huwa la njano, kisha huishia jekundu. Hutazama chini, huku petali zake sita zenye kingo za mawimbi zikipinda kuelekea juu. Stameni zimesambaa pembeni na kikonyo cha kupokea chavua kimepinda upande. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka Afrika Kusini ulionyesha faida ya mkao huo: kipepeo anapofyonza nekta, mabawa yake hugusa stameni na kubeba chavua hadi ua jingine.

Sasa sumu. Mmea wote una kolkisini, na kiazi kinayo kwa wingi. Hospitalini kemikali hiyo hutumika kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo. Ikizidi, huzuia seli zisigawanyike: mtu hutapika na kuhara baada ya saa chache, kisha viungo vya ndani huanza kushindwa kazi. Kupika hakuiondoi. Huko Sri Lanka watu wamewahi kula kiazi hiki wakidhani ni kiazi kitamu, na wengine walikufa. Mkoani Simiyu, ambako viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, havikosekani ndani, kosa hilo linaweza kutokea kwa urahisi. Kwa hiyo usipande gloriosa karibu na matuta ya viazi, vaa glavu unaposhika kiazi, na uzio uwe imara wa kuzuia mbuzi. Mtu akikila, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea.

Usifukue viazi kwenye ngitili. Hifadhi hizo za malisho zilifufuliwa kwa jasho, hasa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986, wakati eneo hili bado ni sehemu ya Shinyanga. Omba ruhusa kwa wenyewe, chuma matunda yaliyokauka, na uoteshe mbegu. Zinachelewa: huota baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na ua la kwanza huja baada ya miaka miwili au zaidi. Mbegu hizo ni nyekundu na zinavutia macho. Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayeonja kila anachookota, usipande ua hili mpaka akue.